Marehemu Valerian Kasiani Chilumba na Breki Alizoahirisha

Wazee wangu, shikamooni. Baba Paroko, majirani wa Chamazi, mafundi wenzake marehemu, na ndugu mliosafiri kutoka Masasi na Kyela, poleni sana. Mimi ni Noela, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia ilinipa kazi ya kuandika maisha ya baba, na baba mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini, alinipa kazi nyingine ya kusema wazi jinsi alivyopata ajali. Tangu mahema yafungwe pale nyumbani kumekuwa na maneno kwamba kifo hiki kina mkono wa mtu, na mtu huyo ametajwa kwa jina. Ni shangazi yangu Anastasia, dada wa marehemu. Ndiyo maana leo amesimama kule nyuma karibu na magari, badala ya kuwa hapa kaburini na nduguze. Nitasoma kwa utaratibu kuanzia mwanzo, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika kijiji cha Chikundi, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Mzee Kasiani Chilumba na marehemu Mama Felicitas. Wa kwanza ni Anastasia, wa mwisho ni Baba Mdogo Cyprian. Bibi alipokwenda kwenye mikorosho yake, aliyebaki na mtoto mgongoni alikuwa Anastasia, wakati huo msichana wa miaka minane ambaye hakuwa tayari kuacha michezo kwa sababu ya ulezi. Alicheza naye rede akiwa amembeba hivyohivyo. Marehemu alipenda kututania kwamba ubapa wa kisogo chake ulitokana na mipira aliyorushiwa dada yake.

Alianza darasa la kwanza kijijini kwao mwaka 1975 na kuhitimu darasa la saba mwaka 1981. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hakuona haya kusema kwamba hesabu zilimshinda, isipokuwa zile za rula. Alipelekwa kwa mjomba wake kujifunza kuchonga vinyago vya mpingo. Mjomba alimvumilia kwa mwaka mmoja, kisha akamwambia, "Mwanangu, mkono wako mzito. Nenda kachonge milango. Mlango hauna pua wala macho." Akaenda kujifunza useremala kuanzia mwaka 1983 hadi 1985, na huko akang'ara.

Machi 1988 alikuja Dar es Salaam, akafikia kwa Anastasia, aliyekuwa amepanga chumba Tandika na kuuza vitumbua. Randa yake ya kwanza alinunuliwa na dada huyo. Baada ya kufanya kazi kwenye karakana za watu Mbagala, mwaka 2003 alifungua ya kwake hapa Chamazi. Wengi wenu mmelala kwenye vitanda vyake, na mnajua hakuruhusu kitanda kutoka bila kujaribiwa. Alikuwa akimwita jirani yetu Mudathir muuza nyama, ambaye yupo hapa na hatakasirika nikisema ndiye mtu mzito kuliko wote mtaani, amkalishe juu yake na kumwambia ajirushe. Kisha alimgeukia mteja na kusema, "Kikimbeba Mudathir, ndoa yako itabebeka." Mudathir alilipwa soda. Nafikiri kwa miaka yote hiyo amekunywa kreti nyingi sana.

Tarehe 27 Septemba 1997 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Tupokigwe Mwakajila. Walijuana kwa ajili ya kabati. Mama aliliagiza, akalikataa kwa sababu mlango mmoja haukukaa sawa. Likarekebishwa, akalikataa tena. Alipokuja mara ya tatu kabati lilikuwa zima, ila fundi ndiye alikuwa hajiwezi. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi Noela, Daniel na Isack. Nyumba yao ilikuwa ya kelele za utani kutwa, hasa kuhusu mchele. Mama alisisitiza kwamba mchele ni wa Kyela tu, na baba alikula kila sahani huku akisema bado anachunguza.

Mwaka 2016 alinunua gari dogo la mizigo, lile tunaloliita kirikuu, ili aache kukodi mikokoteni. Siku lilipofika mtaa mzima ulikunywa soda, na Padri aliyekuwepo wakati huo alilibariki, akalinyunyizia maji mpaka matairi. Marehemu alilipenda. Aliliosha kila Jumamosi, akalishonea vitambaa vya viti, akaliwekea redio yenye sauti kuliko ya nyumbani. Ila kulipeleka gereji kukaguliwa, hapo alikuwa mzito. Mtu ambaye hakutoa kitanda bila Mudathir kukirukia aliendesha gari miezi mingi kwa breki ambazo alijua zina kasoro. Sisemi haya kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe aliniagiza niyaseme.

Mwishoni mwa mwaka jana bomba la breki la gurudumu la nyuma lilianza kuvuja. Fundi Bakari, ambaye gereji yake mnaijua, alifanya kile kinachofanywa na mafundi wengi mjini hapa mteja anapokuwa na haraka. Alilikunja bomba na kulibana, mafuta yasifike kwenye gurudumu lile, gari likabaki linasimama kwa magurudumu matatu. Alimwambia, "Braza, hii ya kukufikisha nyumbani tu. Niletee wiki hii tufunge bomba jipya." Wiki ile kulikuwa na oda ya vitanda vya bweni. Iliyofuata kulikuwa na msiba. Marehemu akaweka kopo la mafuta ya breki chini ya kiti, akawa anaongeza kila yakipungua, na hakujiuliza yanapungua kwenda wapi. Mafuta ya breki hayaishi kwa kutumika kama petroli, wapendwa. Yakipungua na kupungua tena, kuna mahali yanatoka.

Jumapili tarehe 2 Juni 2024 familia ilikuwa Kimbiji, nyumbani kwa Shangazi Anastasia, kwenye sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake. Jioni marehemu aliwapakia ndugu kadhaa kurudi mjini, na Shangazi akakaa mbele ili awasindikize kidogo kisha ashukie njiani. Barabara ile mnaijua, ni mashimo na mchanga. Walipoingia kwenye lami, Shangazi akaona anavyokanyaga.

"Valerian, mbona unakanyagakanyaga kama uko kwenye cherehani?"

"Dada, hili gari mie nalijua. Ukilipampu kidogo linashika."

"Na usipowahi kulipampu?"

"Sasa dada, si nitawahi."

"Nishushe. Mie sipandi tena. Hili gari litakuua, Valerian, nakwambia mbele ya hawa."

Alishuka akarudi kwake kwa bodaboda. Waliokuwa nyuma hawakusikia habari ya cherehani wala ya kupampu. Walisikia "litakuua" tu, na kwamba limetamkwa kwa hasira. Neno hilo likafika Chamazi limebaki nusu.

Alhamisi tarehe 13 Juni marehemu alikuwa anapeleka milango na kitanda kwa mteja ng'ambo ya Tegeta, kule kwenye vilima ambako nyumba mpya zinajengwa. Alikuwa na Ismail, aliyefanya naye kazi tangu karakana ilipofunguliwa. Ismail yupo hapa, mkono wake bado umefungwa bendeji, na haya nayasoma kama alivyotusimulia. Walikuwa wanateremka. Marehemu akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Akapampu, ikazama tena.

"Kanyaga, fundi!"

"Nimekanyaga mpaka mwisho. Haishiki. Jishikilie, Ismail."

Akarudisha gia chini, gari likanguruma lakini halikutulia. Akavuta hendibreki, ikaja mkononi legelege, kwa kuwa nayo ilikuwa haijakazwa siku nyingi. Mbele yao, mwisho wa mteremko, kulikuwa na bajaji zimepanga foleni na wanawake wanauza mihogo. Marehemu akapiga honi bila kuachia, akakata kona kuingia kwenye kiwanja cha ujenzi, akalilenga gari kwenye lundo la mchanga. Mchanga ulilipunguza mwendo, ila msingi wa nyumba ndio uliolisimamisha, na milango iliyokuwa nyuma ikasogea yote kwa pamoja, ikavunja kioo cha nyuma na kumbana marehemu mgongoni na kifuani. Kule barabarani hakuumia mtu. Kwa hilo tunamshukuru Mungu, na kwa hilo mimi najivunia baba yangu.

Mkaguzi wa polisi alilifungua gari lile mbele ya Baba Mdogo Cyprian na Fundi Bakari. Alikuta bomba la nyuma bado limekunjwa na kubanwa vilevile, na bomba jingine la mbele, lililokuwa limeliwa na kutu, limepasuka. Kopo la mafuta lilikuwa tupu chini ya kiti. Hakukuta kitu kingine chochote.

Marehemu alilazwa, akafanyiwa upasuaji wa kifua, na kwa siku chache alipata nafuu na kuongea vizuri. Jumatano tarehe 19 Juni, mbele ya mama, Ismail na mimi, alisema, "Noela, msitafute mtu. Bakari aliniambia, dada aliniambia, na mguu wangu wenyewe ulikuwa unaniambia kila siku. Mie nikawa nasema wiki ijayo. Yasome hayo siku yangu ikifika. Sasa niitie dada." Nilimwomba Baba Mdogo ampigie simu. Tukasubiri. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa baba aligeuza shingo. Jumapili mapafu yakaanza kujaa maji, na Jumanne tarehe 25 Juni, saa kumi alfajiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Kumbe Shangazi alikuwa amekuja. Nimelijua hilo juzi, kwa kinywa chake. Bila kupigiwa simu na mtu, alivuka kutoka kwake, upande wa Kigamboni, na supu kwenye chupa, mara mbili, na mara zote mbili ndugu zetu waliokaa getini walimwambia mgonjwa haonwi. Walidhani wanamlinda. Hakugombana nao. Aliikabidhi supu, akarudi Kimbiji, na supu ile haikufika wodini. Baba yangu alikufa akimsubiri dada yake, na dada yake alikuwa getini. Hilo linaniuma kuliko ajali yenyewe, na silisemi kwa kupandisha sauti kwa sababu baba hakupenda kelele mahali pa msiba.

Jana Ismail na Fundi Bakari walikaa na Baba Mdogo Cyprian, wakamweleza yote haya. Mimi nikamwonyesha karatasi hii kabla haijapelekwa kuchapwa. Baba Mdogo aliisoma, akavua miwani. Kisha akaniambia, "Isome kama ilivyo. Mie nilikuwa nyuma kwenye lile gari siku ile ya Kimbiji, nikasikia neno moja." Namshukuru kwa ujasiri huo. Kaka yake angemshukuru zaidi.

Mliokuja na magari, nawaomba kitu kwa niaba ya marehemu. Kabla hamjaondoka hapa makaburini, kanyageni pedeli gari likiwa limesimama. Ikizama, au ikiwalazimu kuipampu, liacheni gari hapohapo. Fundi Bakari amekuja na spana zake leo, ameniomba mwenyewe niwatangazie, na kaapa mbele ya mama kwamba hatakunja tena bomba la mtu. Msimwambie wiki ijayo.

Marehemu ameacha dada, Anastasia Kasiani Chilumba wa Kimbiji, na mdogo wake Cyprian. Ameacha mjane, Tupokigwe, watoto watatu, Noela, Daniel na Isack, na mjukuu mmoja, Felicitas. Ameacha mafundi wanne kwenye karakana yake, na vitanda viwili ambavyo havijajaribiwa. Mwenyezi Mungu ampokee baba yetu, amsamehe alipokosea, ampe mapumziko yasiyo na haraka.

Kwenye ratiba mliyoshika, baada ya Padri, anayefuata kuweka udongo ni mkubwa wa familia, na wengi mlidhani ni Baba Mdogo. Mkubwa wa familia yupo. Shangazi, baba alikuita hadi pumzi yake ya mwisho na hatukukufikishia. Sasa nakuita mimi, mbele ya hawa wote. Naomba mmpishe njia apite.