Historia ya Marehemu Wilbert Karugendo, Mwonjaji wa Kahawa na Mwenyekiti wa Mvinyo wa Kiangazi

“Fomu ya Tathmini ya Ubora wa Mvinyo Usiozidi Shilingi Elfu Kumi na Tano kwa Chupa, Sampuli za Kiangazi, Ijazwe kwa Nakala Tatu.” Ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi iliyokutwa katika mfuko wa koti la marehemu, ikiwa imepigwa mhuri alioutengenezesha mwenyewe mjini Bukoba, na familia imeona vema kuanza nayo, kwa sababu wengi mliofika hapa Ijuganyondo mlimfahamu kwa fomu hiyo kuliko kwa cheti chake cha ubatizo.

Marehemu Wilbert Karugendo, tuliyemwita Ta Wilbert, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Kimwani, Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi wakulima wa migomba na kahawa. Alisoma shule ya msingi huko huko Kimwani kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akaendelea na sekondari Bukoba hadi mwaka 1968, ambako walimu waliandika katika ripoti yake kwamba ni kijana mwerevu ila ananusa chakula kabla ya kula, jambo linalowakera wapishi.

Pua hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Tarehe 1 Aprili 1969 aliajiriwa katika ghala la kahawa, mwaka uliofuata akapelekwa Moshi kujifunza kuonja, na tangu hapo hadi utumishi wake ulipotimiza miaka arobaini kasoro siku chache alinyonya kahawa kwa kijiko, kwa mlio kama kitenge kinachochanika, akaitema katika ndoo, akataja mteremko ilikotoka na kama ilianikwa kwenye mkeka au kwenye vumbi. Alistaafu tarehe 13 Machi 2009, akakabidhi funguo, koti jeupe na ndoo, lakini kijiko hakukikabidhi, na barua tatu za kukidai hazikumtikisa.

Tarehe 8 Januari 1977 alifunga ndoa takatifu na Benigna wa Kanazi, ingawa ndoa hiyo nusura ikwame siku ya posa, maana alipokaribishwa olubisi, ile pombe yetu ya ndizi, aliinyonya kwa mlio uleule mbele ya wazee, akasema kwa heshima zote kwamba ndizi zilivundikwa siku moja pungufu. Baba mkwe, aliyekuwa ameitengeneza kwa mikono yake, aliionja tena, kisha akasema, “Ni kweli, niliharakisha kwa ajili yenu. Huyu hatadanganywa na mtu, mpeni mke.” Mungu aliwajalia watoto watatu, Annastella mwaka 1978, Josia mwaka 1981 na Mujuni mwaka 1985, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi nyumbani akidai hajavuta sigara na akaaminiwa.

Baada ya kustaafu, mnamo Julai 2009, aliunda kamati yake, ambayo kila kiangazi, mvua zikikata na barabara zikikauka, ilikaa kibarazani kwake kuhukumu mvinyo wa bei ndogo, wa zabibu za Dodoma, wa ndizi, wa rosela, na mara moja wa nanasi uliovuka mpaka wa Mutukula na ambao kamati iliazimia kwa kauli moja kuurudisha ulikotoka. Mjumbe alikuwa Mwalimu Kaijage, mwalimu mkuu mstaafu, aliyepinga alama zote za Mwenyekiti kwa kanuni. Katibu alikuwa Bwana Muhidini, muuza vitambaa wa mjini, mtu wa swala tano, aliyechaguliwa kwa sababu hanywi na hivyo hakuna chupa ingeweza kumshawishi, ambaye alizivika chupa majani makavu ya migomba ili lebo zisionekane, akamimina huku amegeuza uso pembeni.

Fomu ilikuwa ileile ya kahawa, marehemu alibadilisha kichwa tu, hata safu ya “Unyevu wa Punje” ikabaki, na kwa miaka yote Bwana Muhidini aliijaza “haihusiki”, kwa nakala tatu. Kati ya mvinyo na mvinyo walitafuna punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, kusafisha kinywa. Mwalimu Kaijage hakuizoea kamwe ndoo ya kutemea mvinyo, akawa analalamika, “Ta Wilbert, tuhurumie, ukimwaga hiyo zizini ng’ombe watasinzia hadi Jumatatu,” na Katibu akimjibu, “Mwalimu, taja alama, usihubiri.”

Mwezi Machi 2024 marehemu aliugua mafua makali, na yalipoisha yaliondoka na harufu na ladha yote, na daktari akamwambia waziwazi kwamba huenda visirudi. Alimwambia mkewe peke yake, akamwomba asimwambie mtu, kwani mtu aliyekula na kuheshimiwa kwa ulimi wake tangu ujana aliogopa kuwa siku ulimi huo utakapojulikana kuwa umekufa, hata kiti chake kibarazani hatakuwa na haki nacho.

Kikao cha tarehe 20 Julai 2024 alikiendesha kwa ujanja. Kama desturi yetu inavyotaka, mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue yu salama, lakini Mwenyekiti alitaja alama mwisho, kwa hiyo alionja, akafumba macho kama mwenye kutafakari, kisha akaangalia nyusi za Mwalimu Kaijage. Kwa mivinyo minne alipatia. Ulipomiminwa wa tano, simu ya Mwalimu iliita, akatoka uani, na Katibu, kalamu mkononi, akaomba alama. Marehemu alinyonya, akameza, akasema, “Uchachu mzuri, uzito wa wastani. Kumi na saba kwa ishirini.”

Mwalimu alirudi, akapiga funda moja, machozi yakamtoka.

“Kuna nini, Mwalimu?” aliuliza Mwenyekiti.

Mwalimu alimtazama, akatazama glasi, akainywa yote. “Hakuna kitu. Kumi na saba ni haki yake.”

Ndipo Ma Benigna alipotokea mlangoni na bakuli la kachumbari, akauliza, “Nani amechukua siki yangu, ile niliyoiweka kwenye chupa ya mvinyo?”

Marehemu aliweka kijiko chini. “Basi mjue. Tangu Machi sisikii kitu, si mvinyo, si kahawa, si chumvi. Mtafuteni mwenyekiti mwingine.”

Bwana Muhidini hakuinua hata kichwa kutoka kwenye fomu. “Mwenyekiti, mimi ni katibu mwaka wa kumi na sita na sijaonja hata tone. Mbona mimi hamjanifukuza?”

Hoja hiyo hata Mwalimu Kaijage hakuipinga, na marehemu akabaki kitini, wenzake wakimweleza kila mvinyo naye akiwasahihisha maelezo.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili, na tarehe 16 Agosti 2025, saa kumi alasiri, alifariki dunia usingizini nyumbani kwake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ijuganyondo waliopika na kuchota maji tangu siku ya kwanza, wafanyakazi wenzake wa ghala, ambao leo wamekisamehe kijiko kwa maandishi, pamoja na Mwalimu Kaijage na Bwana Muhidini, ambao hatuna neno linalowatosha.

Ta Wilbert, upumzike kwa amani. Uliagiza tusikuzike bila kusoma muhtasari wa kikao chako cha mwisho, cha tarehe 2 Agosti 2025, kilichofanyika kando ya kitanda chako, daktari akiwa ameruhusu kijiko kimoja cha mvinyo. Muhtasari unasema: “Mwenyekiti aliikagua sampuli na kuridhika nayo.” Ilivyokuwa ni kwamba alionja, hakusikia ladha yoyote, akacheka, akaomba aongezewe.