Dirisha la Mzee Fintan

Basi la Belmullet lilikuwa na abiria wanne tu, kwa hiyo maneno ya nyuma yangu niliyasikia bila kutega sikio, au tuseme bila kulitega sana. Gráinne, mama wa makamo, alikuwa akitafuta mtu wa kumsindikiza baba yake, Mzee Fintan, katika siku zake za mwisho.

"Wapo waliosomea," alimwambia bibi aliyeketi naye. "Wanakaa na mgonjwa, wanamshika mkono mpaka anaondoka."

"Umletee mzazi wako mtu baki? Kazi hiyo ni ya majirani, mwanangu!"

"Majirani wote wamehamia Australia, bibi. Jana nilifungua dirisha apate hewa, akafoka: 'Funga! Unaifungulia roho njia na mwenyewe bado nipo?'"

Bibi alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kwetu Ireland dirisha hufunguliwa mtu akishakata roho.

"Hata hivyo, mtu baki hapana," akashikilia.

Basi likasimama kwa Gráinne. Bibi naye akainuka na kikapu chake.

"Kwako bado, Attracta," dereva akamkumbusha.

"Nimekuuliza?" Akamgeukia Gráinne. "Baba chai anakunywa ya maziwa?"