Pointi Moja ya Babu Verlin

Ndugu waombolezaji, mimi ni Brody, mjukuu, familia imenipa kazi hii, na msinicheke huko nyuma, najua niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, lakini kwa hesabu za mpira wa kikapu humu kanisani hakuna wa kunigusa.

Babu yetu Verlin Stuckey alizaliwa tarehe 9 Novemba 1938 hapa Pickard, Indiana, akasoma hapa hapa hadi 1956, akapima malori ya mahindi kwenye mizani ya ghala kwa miaka thelathini na nne, na tarehe 3 Juni 1961 alimwoa bibi Arlene, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu Gail na mjomba Roger.

Tangu 1972 alitunga jedwali la viwango vya timu za vyuo vyetu vidogo, ambalo ligi hulitumia kuchagua timu ya mwisho ya kuingia mashindanoni. Mwaka 1987 Chuo cha Harlow walifungwa kwa pointi kumi na tatu katika dakika za nyongeza, akaziandika zote, wakaachwa nje, kisha akaitazama mechi upya, akaona kwamba dakika arobaini ziliisha sare, na zile kumi na tatu zilitokana na Harlow kucheza faulo makusudi ili kusimamisha saa, wapinzani wakapewa mitupo huru. "Niliwaadhibu kwa sababu hawakukata tamaa," aliniambia. Tangu hapo mechi ya nyongeza, hata ikiisha kwa ishirini, aliihesabu ushindi wa pointi moja.

Moyo ulimsumbua tangu Januari, na Jumamosi tarehe 1 Machi 2014, hospitalini, redio ikitangaza kwamba chuo chetu cha Pickard kimeishinda Harlow kwa kumi na nne katika nyongeza, alinikamata mkono, akasema, "Jedwali ni lako sasa, we domo kubwa, ngoja uone watakavyokutazama," akafariki saa kumi na dakika ishirini jioni.

Na kweli mnanitazama. Ikiandikwa kumi na nne tunaingia sisi, ikiandikwa moja wanaingia Harlow, na jana mjomba Roger kaniambia, "Dogo, ukileta ujinga, mji huu utauhama," asubuhi nimekuta kioo cha gari langu kimevunjwa, na mimi bingwa wa kula sijagusa hata nyama mliyoleta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa ghalani waliobeba jeneza, na kocha wa Harlow, aliyeendesha maili tisini kwenye theluji na bado amekaa benchi peke yake.

Babu, nimeandika moja, na nimeituma kabla sijapanda hapa. Pumzika wewe kwa amani, mimi natokea mlango wa pembeni.