Picha Imeibiwa

Nje ya kibanda cha Zenon fundi viatu, mtaani Katandala, Sumbawanga, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni mfupi, na wanaolikalia wameshazoea kuegemea kidogo upande wa kulia. Asubuhi za mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unapowafanya watu wazima wafiche mikono kwapani kama watoto, Bilali wa Kirando hutua hapo na birika lake la kahawa, na kijiwe kikakamilika. Kuna Flavian, anayeitwa Kitwe kwa sababu alichimba shaba mji wa Kitwe, Zambia na, kwa maneno yake mwenyewe, aliona huko sinema zote zilizopata kutengenezwa. Kuna Wilibrodi, balozi wa nyumba kumi, anayeitwa Taifisha kwa sababu neno hilo halimkauki mdomoni. Zenon hukaa kwenye kigoda chake, kiatu magotini, akisikiliza zaidi ya kusema. Lakini asubuhi hiyo yeye ndiye aliyeanzisha.

— Hebu niambieni, ile picha ya Jumamosi iliishaje?

Jumamosi gari la sinema lilikuwa limefika, likatundikiwa shuka jeupe uwanjani, na mji mzima ukaketi kwenye majani. Ilikuwa picha ya kuchekesha ya Wazungu, juu ya msichana anayetaka kuwa mhudumu wa ndege. Anajifunza kubeba sinia nyumbani kwao, anammwagia shangazi yake chai. Siku ya usaili, bwana mmoja mwenye tai anamwomba amchukulie bomba la bati hadi uwanja wa ndege. Ndani ya bomba, bila yeye kujua, mna picha ya kuchorwa, ya bwana na farasi wake, iliyoibwa nyumba ya makumbusho. Polisi wanamkimbiza, majambazi wanamkimbiza, na yeye anaukimbilia usaili. Eustace, dereva wa gari lile, alikuwa akitafsiri kwa kipaza sauti. Msichana alipofika kwenye ngazi ya ndege, bomba kwapani, shuka likabaki jeupe tupu, na Eustace akasema: “Ndugu wananchi, picha imeibiwa.” Kisha akazima jenereta.

Zenon alikuwa na sababu ya kuuliza. Shirika jipya la ndege lilitangaza redioni kwamba linatafuta wasichana, na binti yake Emerensiana alikuwa ameitwa Dar es Salaam kwenye usaili. Basi la Mbeya, la kuanzia safari hiyo, lingeondoka kesho yake alfajiri. Pale uwanjani, katikati ya kicheko cha watu, binti alimwinamia akamwuliza: “Baba, niende?” Naye, kwa kutotaka kujibu mbele za watu, akasema: “Picha ikiisha nitakujibu.” Picha haikuisha. Tangu siku hiyo Zenon alikuwa amejificha nyuma ya sentensi ile. Mkewe, Cornelia, alikuwa amefariki masika yaliyopita, na nyumba ilikuwa imebaki na sauti ya mtu mmoja tu, ya Emerensiana, kwa maana Zenon mwenyewe hakuwa msemaji.

— Steringi hafi, alisema Kitwe. Hiyo ndiyo sheria ya sinema, kutoka Ndola mpaka Bombei. Yule binti alipanda ndege.

— Na bomba? aliuliza Zenon.

— Akapanda nalo. Ndiyo maana Eustace akasema picha imeibiwa. Alikuwa anatafsiri.

— Hakutafsiri, alisema Taifisha. Alitangaza. Iliyoibiwa ni sinema yenyewe. Kipande cha mwisho kimechukuliwa njiani huko.

— Nani aibe kipande cha sinema, Balozi? Atakitazamia wapi, chunguni?

— Si wewe uliyeona sinema zote? Tuambie.

Bilali alijaza vikombe, akakaa juu ya visigino vyake.

— Mimi kuna kitu sijakielewa. Polisi wote wale, na mbwa, na ving'ora, kwa ajili ya picha ya bwana aliyekaa na farasi. Si aende kwa mpiga picha pale sokoni apigwe nyingine?

— Bwana mwenyewe amekufa, Bilali, alisema Kitwe. Zamani sana.

— Na farasi?

— Na farasi.

Bilali aliwaza.

— Basi hapo naelewa kidogo, alisema.

Zenon aliinamia kiatu. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

— Isitoshe, alisema Taifisha, yule binti hakuiba. Alitaifisha. Picha ya mabwanyenye, imefungiwa kwenye jumba la mawe, mwananchi akitaka kuiona mpaka alipe kiingilio. Mtoto wa mfanyakazi anaichukua, anaipeleka kijijini, inatundikwa ofisi ya kijiji.

— Watu waitazame wote? aliuliza Bilali.

— Kwa zamu.

— Na asiyetaka kumtazama farasi?

— Ataelimishwa.

Kitwe alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kaptula yake.

— Ninyi sinema hamzijui. Sikilizeni. Yule shangazi aliyemwagiwa chai ndiye mkubwa wa majambazi. Mlimwona alivyojipangusa? Mtu asiye na hatia hajipangusi taratibu vile.

— Acha fiksi, Kitwe.

— Fiksi gani? Nendeni mbele zaidi. Yule binti alijua kamera inamfuata. Alitutazama, Balozi. Alinitazama mimi kabisa. Akaona mbele yake kuna kukamatwa, akakichukua kile kipande cha mwisho, akakitia kwenye bomba pamoja na farasi. Sasa niambieni, polisi watamkamata vipi, na sehemu ya kukamatwa haipo?

Taifisha alihesabu kwa vidole. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, picha zote mbili, ya farasi na ya sinema, zilikuwa zimeibiwa na mtu mmoja, na hesabu ilikubali.

— Kwa hiyo alikamatwa, alisema Zenon.

— Katika hicho kipande alichoiba, ndiyo.

— Msichana anafika mji wa watu, anaagizwa mzigo na mtu mwenye tai, hajui kilichomo. Kisha pingu.

— Baba Emere, alisema Bilali kwa upole, unaulizia picha au unamuulizia binti yako?

Zenon aligeuza kiatu, akakitazama soli.

— Tangu Jumamosi ananiletea chakula mkono mmoja nyuma, alisema. Anainama. “Abiria, utapenda maharage au maharage?”

— Nawe wasemaje?

— Nasema maharage.

Benchi lote lilitikisika kwa kicheko.

— Mimi naogopea usaili, alisema Kitwe. Wakisikia tu ametoka Sumbawanga watamwuliza ameruka miaka mingapi.

— Na kama amezoea ungo au chombo gani, alisema Taifisha.

— Huyo wala hahitaji mafunzo. Wampe sare tu.

Zenon naye alicheka, ingawa hakuwa amepanga.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, kikapu kichwani, kiatu kimoja mkononi. Jina lake Josefina. Alikuwa ameshuka sasa hivi kwenye lori la kutoka Namanyere, na mkanda wa kiatu ulikuwa umekatika wakati wa kushuka. Walimsalimu, wakamsogezea nafasi kwenye benchi. Zenon alipokuwa akitafuta kipande cha ngozi, wale wengine walimwingiza kwenye kesi, wote kwa pamoja: Kitwe na shangazi, Taifisha na ofisi ya kijiji, Bilali na farasi. Josefina aliwasikiliza kwa subira ya mtu ambaye hana kiatu cha kuondokea.

— Na kazi, aliuliza walipomaliza, aliipata?

— Kazi gani?

— Si mmesema alikuwa anakwenda kuomba kazi ya kwenye ndege? Polisi nimesikia, bomba nimesikia. Ile kazi aliyoiendea, aliipata?

Kitwe alimtazama Taifisha. Taifisha alitazama ndani ya kikombe chake. Bilali alitikisa birika, ingawa lilikuwa bado zito.

— Hatukufika huko, alisema Kitwe hatimaye.

— Basi hamjui.

— Hatujui, mama.

— Ningekuwa nimeiona mimi, ningetaka kujua hilo tu, alisema Josefina, akanyoosha mguu kupima mkanda.

Zenon alimvalisha kiatu bila kuinua uso. Siku zote hizi alikuwa amemwona akilini binti yake akikimbizwa, akilia, akirudi na aibu. Hakuwahi, hata mara moja, kumwona amesimama ndani ya ndege, amevaa sare, anauliza watu wanataka kula nini. Alijaribu sasa. Picha ilikuja bila taabu: alikuwa akiinama vilevile kama nyumbani, na abiria walikuwa wakicheka.

Emerensiana alitokea upande wa soko, mboga mkononi, amejifunga ndani ya koti la marehemu mama yake lililompita magoti.

— Shikamoo mama. Shikamooni baba zangu.

— Marahaba, walijibu, na wote wakanyamaza kwa namna ambayo mtoto yeyote angejua alikuwa akisemwa.

Emerensiana aliendelea na njia yake. Tangu Jumamosi hakuwa ameuliza tena. Alikuwa ameshawapita hatua chache Zenon alipomwita.

— Emere. Picha imeisha.

— Imeishaje? aliuliza Kitwe upesi.

Zenon aliweka sindano chini.

— Hilo koti usisafiri nalo, alimwambia binti yake. Dar es Salaam kuna joto. Liache, nitakaa nalo mimi.

Emerensiana alisimama katikati ya njia, upepo ukimpigapiga. Alimtazama baba yake muda mrefu kuona kama amesikia vizuri. Kisha akaweka mboga chini, na kwa haraka ya mtu anayeogopa neno lisije likarudishwa, akaanza kufungua vifungo.

— Si sasa, mwanangu, alisema Zenon. Kesho.