Hermani Margwe, Fundi wa Ndege za Ghorofa

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani na wote mliopanda mlima kuja Endagikot kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawaomba mtulie kidogo, tumkumbuke alivyoishi.

Marehemu Hermani Margwe alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 kijijini Masakta, ambako leo ni Wilaya ya Hanang na siku zile kulikuwa bado chini ya Mbulu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Basili Margwe, aliyekwisha kututangulia, na Mama Fransiska, ambaye tunaye hapa, ameketi mbele kabisa chini ya turubai.

Alianza darasa la kwanza Masakta mwaka 1970 na kumaliza la saba mwaka 1976. Katikati ya miaka hiyo, siku moja ya mwaka 1973 akiwa machungani, ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashamba ya ngano ilipata hitilafu ikatua kwenye majani, mbele ya ng'ombe wa baba yake. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yameshikanishwa kwa nguzo nyembamba na waya. Hermani aliizunguka mpaka rubani alipoiwasha tena na kuondoka. Alipogeuka, ng'ombe walikuwa wameshaingia kwenye mahindi ya jirani. Jioni Mzee Basili alimchapa vizuri. Miaka mingi baadaye marehemu alipenda kusimulia habari hiyo huku akicheka: "Fimbo zile nilizisikia kesho yake. Siku ile nilikuwa bado naiangalia ndege."

Mwaka 1981 alikwenda Arusha kwenye chuo cha ufundi, akajifunza kupaka rangi na kuandika mabango. Alirudi mwaka 1984, akafungua banda lake Mbulu mjini, karibu na soko. Wenye umri wao wanajua kwamba kwa miaka mingi hakukuwa na duka, shule wala zahanati mjini pale ambayo jina lake halikuandikwa na mkono wa Hermani. Hakutumia rula. Alivuta pumzi, akaibana, akavuta mstari, na ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Kazi ya mabango ilimpa chakula, lakini aliyoipenda ilikuwa kuunda ndege za mfano, na alichagua zile za mabawa mawili tu, ambazo watu wa Mbulu walizipa jina la ndege za ghorofa. Vipimo alivipata kwenye vitabu vya zamani, na siku za karibuni kwenye simu ya binti yake. Kila futi moja ya ndege ya kweli aliifanya nusu inchi. Kiunzi alikichonga kwa mbao za paini, akakivika karatasi nyembamba na kuipaka vanishi mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Waya alizitoa kwenye nyaya za breki za baiskeli, akizichambua uzi mmoja mmoja. Rangi alipaka mwisho, kwa brashi ya nywele za mkia wa mbuzi, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha.

Tarehe 19 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Genoveva, binti wa Mzee Yoakimu wa hapa Endagikot. Siku ya kwenda kujitambulisha alibeba ndege moja nyekundu kama zawadi kwa mkwewe. Mzee Yoakimu aliigeuza huku na huku.

"Kijana, hii inakamuliwa?"

"Hapana, baba."

"Inalima?"

"Hailimi, baba."

"Basi iwekeni nje, kuku wasije wakaiogopa."

Watu walicheka, na Hermani akatamani ardhi ipasuke. Lakini Mzee Yoakimu aliingia nayo ndani mwenyewe, akaitundika juu ya kitanda chake, na ilikuwa hapo hadi alipofariki. Genoveva na Hermani walijaliwa watoto wawili, Violeth na Modest. Baada ya mabango ya kuchapwa kwa mashine kuingia mjini, kazi ya brashi ilipungua mpaka ikaisha. Marehemu alifunga banda la sokoni, akahamia hapa kwa mkewe, wakalima maharage na viazi. Hakulalamika. Alisema sasa amepata nafasi ya ndege.

Mwezi Machi 2022, akiwa anapaka bawa, brashi ilimponyoka. Aliiokota, ikamponyoka tena. Baada ya wiki chache alishindwa kufunga vifungo vya shati, na Genoveva akawa anamfungia kabla ya misa. Walikwenda hospitali, wakapewa dawa za maumivu ingawa hakuwa na maumivu. Wakaja waombeaji, wakaja wenye mizizi, na alichoambiwa anywe alikunywa. Mwishowe Violeth aliwapeleka hospitali ya rufaa nje ya mkoa. Daktari aliyewapokea, dada mmoja aitwaye Kissa, alimpima kwa siku kadhaa, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Mzee, shikamoo. Sitakudanganya. Mishipa inayoiamrisha misuli yako inakufa. Itaanza mikono, itafuata miguu, kisha sauti na pumzi. Dawa ya kuizuia hatuna."

"Ni rangi, daktari? Ni zile rangi na vanishi?"

"Sijui, mzee. Hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika."

Genoveva amesimulia kwamba ndani ya basi la kurudi aliwaza afadhali daktari angesema ni rangi. Wangekuwa na kitu cha kukasirikia.

Wakati huo kulikuwa na ndege moja mezani, kubwa kuliko zote alizowahi kuunda, imekwisha kuvikwa karatasi na inangoja rangi. Hermani alisema haiwezi kuachwa hivyo. Mikono yake ilipokataa kabisa, alimwita mkewe, akamwelekeza kuchanganya rangi ya manjano na namna ya kushika brashi.

"Huo mstari umepinda," alisema, kwa ulimi uliokuwa umeshaanza kuwa mzito.

"Naona umepinda. Mimi siyo fundi, Baba Violeth. Mimi ni mtu wa maharage."

"Futa."

Akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akavuta tena, ukapinda. Futa. Ndivyo walivyokaa majuma mengi, alasiri baada ya alasiri, na majirani waliopita nje waliwasikia wakigombana kama wanandoa wapya. Kisha ikaja siku ambayo Genoveva alivuta mstari uliopinda kuliko yote, akangoja kuambiwa afute, na Hermani akasema, "Uache tu." Akafumba macho. Mama huyu anasema alitoka nje akalilia nyuma ya zizi, kwa sababu alipokuwa akimwambia afute, mume wake alikuwa bado ana matumaini.

Mwezi Agosti 2024, miguu ikiwa imeshakufa na sauti imebaki pumzi tu, Genoveva alimketisha kwenye kiti katika kibanda alimoundia ndege, apate jua la mlangoni, akaenda shambani kuvuna. Mwana-mbuzi akaingia. Alipanda mezani palipokuwa na ile ndege, akaanza kula karatasi ya bawa la juu, akashuka kwenye bawa la chini, akaitia kwato katikati. Hermani aliyaona yote kutoka hatua mbili. Hakuweza kunyanyua mkono, wala kupiga kelele, wala kugeuza uso asione. Mkewe aliporudi alimkuta amelowa machozi mpaka kifuani na mbuzi amelala juu ya vipande vilivyopasuka. Alinyakua fimbo. Hermani akatikisa kichwa, kidogo tu, alivyoweza.

"Nisimpige?" aliuliza Genoveva.

Akafumba macho kukubali.

"Basi nifanye nini? Niambie nifanye nini!"

Aliitupa fimbo, akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mumewe, wakabaki hivyo mpaka Modest alipofika kumwingiza baba yake ndani. Vipande viliwekwa kwenye beseni, na vipo. Familia imekubaliana kutogusa chochote.

Miezi ya mwisho marehemu alihudumiwa kitandani na mkewe na watoto wake, na Baba Paroko alimletea komunyo kila Ijumaa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, Genoveva alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, akaona midomo inahangaika kusema kitu. Aliinama. "Maji?" Akakataa kwa macho. "Nikugeuze?" Akakataa. "Nifungue dirisha? Nimwite Modest? Unataka tusali?" Yote alikataa, na bado alikuwa akimtazama, akijaribu tena. Genoveva aliendelea kutaja kila kitu kilichomjia akilini, cha nyumbani, cha shambani, majina ya watu, hata majina ya waliokufa, mpaka alipotambua kwamba anazungumza peke yake, mumewe ameshakata roho. Alichotaka kumwambia hakijui hadi saa hii.

Marehemu ameacha mke, Genoveva; watoto wawili, Violeth na Modest; wajukuu watatu; na mdogo wake, Agustino, ambaye ndiye anayewasomea haya. Ameacha pia mama mzazi, Mama Fransiska, mwenye miaka themanini na minne. Tangu Ijumaa anamuuliza kila anayekuja kumpa pole kama Mungu hakukosea jina, na sisi wote tulioulizwa tumemshika mkono tu.

Pumzika, Hermani. Amani ya Bwana ikufikie pale ambapo sisi hatukuweza kukufikia.