Waya wa Redio Uliotaka Kumhamisha Mama Sekalinga

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu! Mimi ni Yohana, seremala wa hapahapa Igowole, na leo sitasema kwa sauti kubwa kwa kuwa habari yenyewe si ya kujivunia.

Kabla sijaokoka nilipenda mpira kuliko chakula. Nilikuwa na redio ndogo, nyembamba, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Ukiifungulia, mtangazaji alisikika kama mtu anayekaanga bisi. Wenye redio kubwa walisikia bao. Mimi niliwasikia wao wakishangilia.

Nikaanza kuiongezea nguvu. Betri nilizianika juani. Zilipochoka nilipanga nyingine ndani ya kipande cha mwanzi, nikaziunganisha, redio ikavuta kidogo. Mwisho nikapata waya mrefu wa shaba. Nikaufunga kutoka paa la nyumba yangu hadi juu ya mkaratusi wa jirani yangu mjane, mama Sekalinga. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini mwaka uleule, nyumba zimepangwa mstari mmoja, na hakuna aliyejua ukoo wa mama yule.

“Funga tu, baba,” aliniambia. “Na mimi nitasikia nyimbo.”

Ndugu zangu, redio ilisema! Nilimsikia mtangazaji hadi akimeza mate.

Mvua za Mufindi mnazijua. Alasiri moja, mpira uko dakika za mwisho, radi ikapiga. Redio ilipasuka mezani. Mbuzi wangu wawili chini ya upenu walikufa palepale. Mimi na mke wangu tulianguka, tukaamka wazima. Mwingine angemalizia ushuhuda hapo akaketi. Mimi bado.

Watu walikuja wakaona mkaratusi umepasuka toka juu hadi chini. Wakasema radi imetoka kwa yule mama, imetumwa. Waya ulikuwa umekatika vipande vipande, na vile vya upande wangu nilikwisha kuvificha ndani ya maranda ya mbao karakanani. Waliokumbuka kuuona niliwaambia niliushusha zamani.

Mama Sekalinga alipoulizwa alisema, “Muulizeni jirani yangu, alifunga nini pale.”

Wakaniuliza. Nikasema pale hapakuwa na kitu.

Niliogopa kuchekwa, ndugu zangu. Niliogopa kuambiwa radi nimeiita mwenyewe. Ni hilo tu, na kwa hilo nilikubali mjane afukuzwe. Akapewa siku tatu awe ameondoka.

Siku mbili niliranda mbao ambazo hakuna aliyeziagiza. Siku ya tatu asubuhi mama Sekalinga akaja karakanani kwangu, mkononi ana kipande cha waya.

“Kamwene,” alinisalimu.

“Kamwene, mama.”

“Hiki kiliangukia kwenye mahindi yangu. Ni chako.”

Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Nikamuuliza kwa nini hakuwaonyesha watu.

“Nikiwaonyesha mimi watasema nimekiokota,” alisema. “Ukiwaonyesha wewe watakubali.”

Akaenda kufunga mizigo yake. Hapo Roho alinishika! Sikulia. Niliomba maneno machache, nikavitoa vipande vyote kwenye maranda, nikavipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu wakaitwa, nikasema yote. Walicheka, naam, walicheka sana, na wawili walinitukana. Lakini mama Sekalinga hakuhama. Yule pale, benchi la tatu, upande wa akina mama.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa na radi. Namshukuru zaidi kwa kuniokoa na ule uongo, maana radi ilikuwa dakika moja, na uongo ule ungeishi nami hadi kaburini. Wala sikufa kwa kuchekwa. Mwaminini!

Na kama yupo humu ambaye mwenzake anabeba kosa lake, namsihi asingoje ibada iishe. Inuka, ndugu yangu, nenda ukamwambie sasa hivi. Hatutakuuliza unakwenda wapi. Tutaimba, na wimbo wenyewe una beti nyingi. Utatukuta bado tunaimba.