Kibati Namba 417

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Meneja wa Kanda, wakuu wa idara na viongozi wa chama cha wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu mliokaa nyuma karibu na mlango, kama kawaida yenu, mama watoto, na wewe binti yangu wa safu ya tatu, uliyekumbatia mkoba kama msafiri asiyemwamini jirani yake: habari za mchana.

Nimeambiwa nina dakika kumi za kuwaaga, maana leo nastaafu. Miaka thelathini na mbili ya kazi, dakika kumi za kuieleza. Sishangai. Ratiba hii imepangwa na idara ileile inayopanga zamu.

Mkoba ule una barua. Kampuni yetu hii ya simu imempa binti yangu kazi katika chumba cha kusimamia mtandao, na jibu linatakiwa ghorofa ya nne, idara ya utumishi, leo kabla ya saa kumi. Sasa ni saa tisa na robo, na hajasaini. Jana alinikuta nakunja ovaroli zangu, akaniuliza, "Baba, kampuni ina watu elfu nne. Si nitakuwa namba tu mle ndani?" Nikamwambia, "Njoo kesho ukumbini, nitakujibu." Mheshimiwa Mkurugenzi, uniwie radhi: hotuba hii imeandikiwa mtu mmoja. Ninyi wengine mmealikwa kusikiliza.

Nianze na machungu, maana dawa hunywewa kwanza.

Mwanangu, kampuni kubwa haikuoni. Nimewahudumia wakurugenzi tisa, nikavaa ovaroli za rangi nne, na kila rangi ilipobadilika tuliambiwa sasa mambo yatakuwa mapya. Mashimo ya nyaya yalibaki yaleyale, na maji ndani yake yaleyale. Sikukuu watu wanapigiana simu. Maana yake sikukuu baba yako hayupo nyumbani. Na mtandao ukisumbua, mtaani hakuna anayekwenda huduma kwa wateja. Wanakuja kwangu. Shemeji yangu, ambaye namwona pale anainamisha kichwa, alinipigia nikiwa msibani: "Shemeji, bando langu limeliwa!" Utadhani nimelila mimi.

Lakini ni kampuni hii iliyomchukua kijana aliyeishia darasa la saba, akajifunza kusoma michoro ya nyaya kwa kufuata kidole cha mwenzake, ikamkabidhi mazungumzo ya mji mzima. Mama yenu alipofanyiwa upasuaji, sikupitisha bakuli kwa ndugu. Nilionyesha kadi ya bima, tukafunguliwa mlango. Tena niulize: ni fundi gani wa peke yake, mwenye ngazi yake na baiskeli yake, angeweza kuiunganisha hospitali na vituo vya afya ishirini na sita? Peke yako unatengeneza redio ya jirani. Hapa tumetengeneza masikio ya watu milioni.

Sasa nije kwenye namba.

Wageni waalikwa huenda hamjui: kila fundi wa nyaya hapa ana namba, na anapomaliza kuunga, kabla hajafunga mkebe wa kiungo, anatia ndani kibati kidogo chenye namba hiyo. Hakuna mteja anayekiona. Kinakaa gizani miaka. Yangu ni mia nne kumi na saba.

Mwaka wangu wa tatu kazini, niliunga jozi mbili za nyaya kinyume. Laini ya shule ikaenda kwa kinyozi, ya kinyozi ikaenda shuleni. Siku kumi na moja! Mtu alimpigia kinyozi kuuliza kama leo kuna nafasi, mwalimu mkuu akamjibu, "Nafasi zimejaa mpaka mwakani." Yule bwana akalia, "Mpaka mwakani nitakuwa nimefuga msitu!" Na kinyozi, mtu mstaarabu asiyependa kumvunja mzazi moyo, alikuwa anajibu, "Mlete Jumatatu, ila aje amenyoa." Mpaka tunagundua, alishapokea wanafunzi watatu.

Mnacheka. Makao makuu hawakucheka. Kamati ikatangazwa, ije ifungue mkebe. Msimamizi wetu, tuliyemwita Taratibu kwa sababu alikuwa na haraka siku zote, akaniita kando. "Bwana mdogo, ingia ukakitoe kile kibati. Mafundi tuko mia sita. Kampuni kubwa hii, nani atajua?"

Nisiwadanganye. Nilikitoa. Nikakitia mfukoni, nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka mezani karibu na sahani. Mama watoto akauliza, "Hicho nini?" Nikamweleza yote. Akaendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Haya. Na zile kazi ulizofanya vizuri, nazo utakwenda kuvitoa vibati?"

Basi. Asubuhi nilirudi shimoni kabla ya kamati, nikakirudisha mahali pake. Nikapewa barua ya onyo na miaka miwili bila kupandishwa cheo. Taratibu alisikitika kwa dhati. Aliniambia sijui kutumia ukubwa wa kampuni.

Miaka ikaenda. Siku moja tingatinga la barabara likavuta nyaya kubwa, hospitali ikakatika, wodi na maabara haziwezi kuulizana. Hitilafu ilikuwa imejificha katika kimojawapo cha viungo arobaini, na kila kimoja kukikagua ni saa nzima. Mhandisi mkuu akawa anafungua mikebe, anamulika kibati. Nilikuwa shimo la pili, nikamsikia anamwambia msaidizi wake, "Cha nani hicho?" "Mia nne kumi na saba." Akasema, "Ruka."

Ruka! Hakukikagua. Akaenda kingine, na kingine chenye namba yangu akakiruka pia, na kabla ya adhuhuri hospitali ikazungumza. Mhandisi hakujua kama namsikia. Waheshimiwa, leo mmenipa cheti chenye fremu na saa ya ukutani, nami nashukuru sana. Lakini sifa kubwa niliyowahi kupewa na kampuni hii ni neno moja, na sikuambiwa mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, ulichouliza ni kweli. Utakuwa namba. Kampuni kubwa ina faida moja inayofanana kabisa na hasara yake: ukiharibu unaweza kujificha, ukitengeneza hakuna anayekupigia makofi. Namba ni yao. Ila itakapotajwa shimoni na wewe hupo, kama mtu ataruka au ataguna na kuanza kukagua, hilo ni lako.

Mtunza stoo ananidai kibati kimoja kilichobaki. Hiki hapa. Nilifikiri nimwombe Mheshimiwa Mkurugenzi ampe binti yangu namba hii, kisha nikaona haya. Hii ina kinyozi ndani yake. Yeye apewe yake, aichafue na kuisafisha mwenyewe.

Sikuamulii. Nakukumbusha tu kwamba saa tisa na nusu imepita, na lifti ya jengo hili imeharibika tangu wiki iliyopita, kampuni kubwa hii, kwa hiyo mwenye shughuli ghorofa ya nne aanze...

Naona kiti kiko wazi.

Mama watoto, katoka mlango upi? Wa barabarani, au wa ngazi?

Ananyoosha kidole. Juu.

Haya. Mafundi wangu wa nyuma, anayejua mahali ilipo kalamu yenye wino katika jengo hili akimbie akamkute. Mtunza stoo, pokea kibati chako. Nanyi nyote mlionivumilia mpaka hapa bila hata mmoja kukata laini, asanteni sana kwa kunisikiliza.